Siku Nilipomwandika Mjomba Tajiri

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Ilikuwa Mtinko, siku ya mnada, wakati wa kiangazi, katika miaka ile ya vita kuu ya pili tulipotawaliwa na Waingereza. Siku hiyo niliandika maneno machache juu ya mtu niliyempenda. Nilidhani ninampa heshima. Mvua za mwaka ule zilipoanza kunyesha, zizi la mtu huyo lilikuwa limeota majani.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi. Shule sikukaa zaidi ya miezi michache. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja alichonipa mwinjilisti wa kwetu na kwa vipande vya magazeti ambavyo wenye maduka walifungia chumvi. Kila nilipokuta neno geni niliandika katika daftari. Nilitenga kurasa za majina ya miti, kurasa za wanyama, na kurasa za kazi za watu. Lakini kurasa nilizozipenda kuliko zote zilikuwa za watu wakubwa. Humo nilipanga: mkuu, mtukufu, mheshimiwa, mashuhuri, tajiri, mwenye sauti, mwenye enzi. Nyumbani tulisema Kinyaturu, na huko mtu tulimjua kwa ukoo wake na kwa matendo yake. Maneno haya ya Kiswahili yalikaa kichwani mwangu kama nguo za sikukuu zilizotundikwa, zikingoja mtu wa kuzivaa. Kijana mwenye maneno mengi na watu wachache wa kuyavalisha ni hatari, mwanangu, ingawa mwenyewe hajui.

Waliojua kuandika walikuwa wachache, kwa hiyo jumbe wetu alinichukua nimwandikie. Nitamwita Jumbe tu. Watoto wake wako hai na hawana kosa. Basi ikaja amri kutoka boma la Singida: kila jumbe aandike majina ya watu wakubwa wa eneo lake, na mbele ya kila jina maneno machache ya kumweleza, ili Bwana Shauri awafahamu. Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, Mwingereza. Amri haikusema anataka kuwafahamu kwa nini, nami sikuuliza. Hata jirani akija kuazima shoka, unamwuliza anakwenda kukata nini. Mimi niliazimisha kalamu bila swali.

Hapa sharti nikueleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwagawa: wawili kwa rafiki, watatu kwa shemeji, wengine mbali kule Kinyangiri kwa mtu aliyemwamini. Aliyewapokea aliwachunga, akanywa maziwa yao, akatia samadi yao katika shamba lake la uwele; ndama waliozaliwa walikuwa wa mwenyewe. Hivyo ugonjwa ukiingia zizi moja haukumaliza mali yote. Na mjane, au mtu asiye na wa kumchungia, alipata pa kumweka ng'ombe wake mmoja. Desturi hii ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ng'ombe akifa, mtunzaji alimpelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ilikuwa ushahidi, na shauri likaishia hapo. Ya pili, ng'ombe wa nani yuko kwa nani halikuwa neno la kusemwa mbele za watu. Mwenyewe alijua, mtunzaji alijua, na shahidi mmoja. Kumtaja mwenye ng'ombe hadharani kulikuwa sawa na kumvua nguo.

Mjomba wangu, Mzee Ntandu, kaka wa mama yangu, alikuwa mtunzaji wa namna hiyo. Jioni zizi lake lilijaa hata ng'ombe wakagongana pembe. Kila mtu mzima alijua kwamba wengi wao si wake. Nami nilijua.

Siku hiyo ya mnada tulikaa kando, Jumbe kwenye kiti chake, mimi kwenye meza ya kuazima, na tarishi wa boma akiita majina. Watu walitukusanyikia, maana kuandikwa lilikuwa jambo geni. Jumbe alianza na nafsi yake.

"Mimi niandike mtumishi wa serikali, hana kitu," akasema. "Ng'ombe wanne tu, na mmoja anachechemea."

"Huyo anachechemea kwa kubeba umaskini wako, Jumbe!" akapiga kelele mzee mmoja kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko. Jumbe mwenyewe alicheka kuliko wote. Nami, kwa kutafuta neno zuri, nikaandika mbele ya jina lake: mnyenyekevu.

Walifuata watu watano au sita, kisha akaja mjomba na fimbo yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo naona una meza."

"Nikuandike mtu wa namna gani, mjomba?"

"Andika mkulima."

"Lakini kila mtu hapa ni mkulima."

"Basi hutakosea."

Watu wakacheka tena, na kicheko kile kilinichoma kidogo. Nilitaka waone kwamba mpwa wa Mzee Ntandu ana maneno ambayo hawajapata kuyasikia. Nikainama, nikaandika polepole kwa mwandiko wangu bora. Kisha, bila kuombwa, nikasimama nikasoma kwa sauti: "Tajiri mashuhuri, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, neno lake halipingwi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akamshika mjomba bega. "Tajiri mashuhuri, leo pombe ni juu yako!"

Mjomba peke yake hakucheka. "Mpwa wangu, futa hayo," akasema. "Mkulima inatosha."

"Mwache kijana, mzee," Jumbe akaingilia. "Sifa hazilipiwi kodi."

Mjomba alimtazama Jumbe, akamtazama tarishi, akawatazama watu waliosimama. Leo najua alichokuwa akipima. Ili akatae neno lile, ilimlazimu aseme kwamba ng'ombe si wake. Na akisema hivyo mbele ya mtu wa boma, swali la pili lingekuwa ni wa nani. Alichukua fimbo yake akaondoka. Nikajiambia kwamba wakubwa wa kweli ndivyo walivyo, hawapendi sifa. Karatasi ikaenda Singida.

Baada ya miezi miwili ikarudi. Askari waliokuwa vitani walihitaji nyama, na kila eneo lilitakiwa kutoa ng'ombe. Watakaotoa wengi ni wale walioandikwa kuwa wana wengi. Niliutambua mwandiko wangu nikiwa mbali. Mbele ya maneno yangu juu ya mjomba mtu wa boma alikuwa ameongeza kwa wino mwekundu: ng'ombe ishirini. Mbele ya jina la Jumbe, mnyenyekevu mwenye ng'ombe wanne, hapakuwa na kitu. Serikali ililipa, siwezi kusema haikulipa. Lakini bei aliipanga anayenunua, na sarafu haikamuliwi maziwa.

Nilimkuta mjomba akiziba ua wa zizi kwa miiba. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakunipandishia sauti.

"Nisomee tena kile ulichoandika," akasema.

Nikamsomea kwa kichwa, maana nilikikumbuka chote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiba mmoja mahali pake.

"Huyo mtu simjui," akasema. "Ukikutana naye, mwambie natafuta ng'ombe ishirini."

"Mjomba, waambie si wako! Ni kweli si wako."

"Wangu ni tisa. Nikisema hivyo, wataniuliza wengine ni wa nani."

"Waambie."

"Nimtaje Bibi Zainabu?" Huyo alikuwa mjane wa jirani, aliyeweka kwa mjomba ng'ombe mmoja tu na ndama wake. Mwanawe wa pekee alikuwa amechukuliwa jeshini, na ng'ombe yule alikuwa akingoja kuwa mahari yake akirudi. "Nimtaje, ili kesho naye aandikwe tajiri? Waliniamini nifunge zizi, mpwa wangu, na mdomo ni sehemu ya zizi."

Sikulala vizuri. Alfajiri nikashika njia ya Singida kwa miguu, na jua lilikuwa limepanda sana nilipofika bomani. Bwana Shauri alikuwa safarini, lakini karani wake alikuwepo, mtu wa makamo mwenye miwani. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba nimekuja kusahihisha neno moja.

"Neno gani?"

"Nimemwandika mjomba wangu tajiri. Si kweli."

Alifungua kabati, akatoa karatasi, akaisoma na kutabasamu. "Wewe ndiye mwandishi? Mwandiko mzuri. Sasa nieleze. Juzi alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, leo hana. Wamekwenda wapi? Wamemezwa na ziwa?"

"Wapo. Lakini si wake."

"Vizuri. Hilo linasahihishika." Akachovya kalamu katika wino, akavuta karatasi safi. "Nitajie wenyewe, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mtu. Nitampunguzia mjomba wako na kuwagawia wao."

Mwanangu, nilifungua mdomo. Jina la Bibi Zainabu lilikuwa tayari kwenye ulimi, kwa kuwa ndilo nililolisikia mwisho. Nikaona ncha ya kalamu ikiningoja, na wino ukikusanyika chini yake. Nikafunga mdomo.

"Siwezi," nikasema.

"Basi huna cha kusahihisha." Akarudisha karatasi kabatini. Hakuwa mtu mbaya. Aliongeza kwa upole, "Kijana, hapa sisi hatujui watu. Tunajua kilichoandikwa."

Nikarudi Mtinko na neno langu likiwa palepale nilipoliweka.

Siku ya kuwachukua ng'ombe, watu wa boma walichagua walionona. Kati ya ishirini, watatu walikuwa wa mjomba. Kumi na saba walikuwa wa watu, na mmoja wao ni ng'ombe wa Bibi Zainabu. Ndama wake alibaki akilia mlangoni mwa zizi. Wenye ng'ombe walikuwa wamesimama humohumo katika kundi la watazamaji, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema, "Huyo ni wangu." Mjomba alisimama kando ya mlango mpaka yule wa mwisho alipotoka.

Wazee walikutana baadaye wakamwambia kwamba hana lawama: serikali ikichukua, mtunzaji afanye nini? Akawajibu, "Ngozi zao sina." Ng'ombe wa watu waliosalia aliwarudisha kwa wenyewe. Fedha ya serikali aliwagawia wenyewe, lakini haikutosha kununua ng'ombe wengine, akaanza kulipa kwa sita waliobaki wake. Wa kwanza, mtamba mzuri kuliko wote, alimpelekea Bibi Zainabu pamoja na yule ndama. Watatu waliofuata walikwenda kwa wenye ng'ombe wengine; waliosalia walikataa kulipwa, wakasema watangoja. Wawili wa mwisho unajua walikwenda kwa nani? Kwa Jumbe. Naye alikuwa na mitamba wawili katika zizi lile, waliochukuliwa pamoja na wengine, na wengi zaidi walitawanyika hadi Kinyangiri. Alikuja kudai mchana kweupe, akiwa na shahidi wake. Mjomba alimpa wale wawili, akamfungulia mlango. Ndipo nilipofahamu kwamba siku ile nilimwandika tajiri mtu aliyetunza mali ya wengine, na mnyenyekevu mtu aliyeficha yake.

Bibi Zainabu alinijia nikiwa napura mtama. Nilimwamkia, naye akaitikia, maana salamu hainyimwi mtu. Kisha akasimama akinitazama.

"Wanasema wale ng'ombe ni chakula cha askari."

"Ndivyo, bibi."

"Basi huenda mwanangu amekwisha kula mahari yake. Natumaini ng'ombe yule alikuwa na mafuta."

Sikujua nicheke au nilie. Nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mjomba wako unampenda?"

"Nampenda sana, bibi. Ndiyo maana nilimwandika vile."

"Hapana. Ulimwuliza aitweje, akakwambia mkulima. Ungekuwa unamwandika yeye, ungeandika hilo. Wewe ulikuwa unajiandika mwenyewe: mpwa wa tajiri." Akachukua fimbo yake. "Pura mtama wako. Upepo ni mzuri."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati huo, na sijakuta mahali niliposomwa mimi vizuri namna ile.

Mjomba aliishi miaka minne bila ng'ombe, akilima kwa samadi ya kuomba. Vita ikaisha, mwana wa Bibi Zainabu akarudi na kovu mkononi, akaoa. Mtamba wa mjomba akawa sehemu ya mahari. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mimi na mjomba tulikuwa tukitengeneza ua uliooza wa zizi lile tupu. Tukasikia hodi. Alikuwa Bibi Zainabu, akivuta kwa kamba ndama jike, mtoto wa yule ndama aliyebaki akilia.

"Nimekuletea huyu," akamwambia mjomba.

"Shahidi yuko wapi?"

"Kwako sihitaji shahidi." Akafunga kamba kwenye nguzo. Alipogeuka kuondoka akanionyesha kwa kidevu. "Ila huyu mpwa wako, mwambie asiandike."

Mjomba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu siku ya mnada. Kabla mwaka haujaisha, watu wengine watatu walikuja kwa njia hiyo hiyo. Jumbe aliendelea kuwa jumbe, na barua zake ziliendelea kuanza kwa maneno ya heshima. Nijuavyo mimi, hakuna aliyewahi kumpelekea hata mbuzi amtunzie.

Sasa, mwanangu, sikia ninalotaka ubaki nalo. Siku hizi tuna serikali yetu na wakubwa wetu, na nyinyi vijana mmesoma kuliko mimi. Mtaombwa risala, taarifa, barua za kupendekeza watu, maneno ya kusomwa mazishini. Kabla hujamwita mtu tajiri, uliza mali unayoiona ni ya nani. Kabla hujamwita mtu mwenye nguvu, tazama nguvu hiyo imemwangukia nani na imemwinua nani. Neno "mheshimiwa" haliwezi kutoka kwa anayeitwa hivyo wala kwa karani wake. Linatoka kwa wale ambao wangeweza kumdharau bila kuadhibiwa, nao hawakufanya hivyo. Na mkubwa akikuagiza umwandike kuwa mnyonge, jihadhari na wino wako mara mbili, kwa sababu unyenyekevu wa kuagizwa mara nyingi una zizi lingine mbali.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa, maana takataka za kila mtu huishia kwake. Anayezipokea akanyamaza, huyo ndiye mkubwa, hata kama jina lake halikuandikwa popote. Walisema pia kuhusu kumvika mtu kilemba cha ukoka. Nilidhani msemo huo unamhusu anayevikwa. Siku hizi naona unamhusu zaidi anayevika: majani yakinyauka, huyu amekwisha kwenda zake, na aliyevikwa amebaki na jua kichwani.

Wala usiogope sifa kiasi cha kuwanyima wanaostahili. Huo nao ni uchoyo. Msifu mtu kwa alilolifanya, ulitaje jambo lenyewe, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe akisomewa atasema, "Naam, huyo namjua." Pale usipojua, uliza. Na ukiambiwa "mkulima", andika mkulima. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliyejikwaa kalamu hujikwaa mbele ya watu asiowaona.

Mungu akupe macho ya kumtambua mtu mkubwa akipita mbele yako hana hata kofia. Akupe ujasiri wa kufunga mdomo pale jina la mnyonge linapotakiwa. Watu wakuamini kwa kitu chao kidogo, nawe ukitunze. Na siku watakapokutaja usipokuwepo, watakutaja kwa sauti ya kawaida, wala hakuna atakayehitaji kuongeza neno. Amina, mwanangu.